Krismasi Ndani ya Meli ya Kitalii: Namna ya Kuisoma Ratiba ya Karibi

Ifikapo katikati ya Desemba, sehemu kubwa ya meli za kitalii za dunia huwa imekwisha kukusanyika katika Bahari ya Karibi. Zile zilizokuwa Alaska na Mediterania wakati wa kiangazi cha huko huhama kati ya Septemba na Novemba, na wiki ya Krismasi inapowadia gati za Miami, Fort Lauderdale na Port Canaveral katika jimbo la Florida huwa zimejaa. Familia hupanda kwa safari ya usiku saba, husherehekea baharini, kisha hurudishwa katika bandari ile ile waliyoondokea. Matangazo huonyesha mti uliopambwa, mchanga mweupe na watoto waliovaa kofia nyekundu. Lakini karatasi yenye habari nyingi zaidi kuhusu sikukuu hiyo ni ratiba ya meli, yaani orodha ya bandari na saa za kufika na kuondoka, ambayo wasafiri wengi huipitia kwa haraka wakiwa wanatafuta picha za mabwawa ya kuogelea. Ndani ya ratiba hiyo mna sheria ya Marekani ya mwaka 1886, pepo za Atlantiki, hesabu za likizo za shule, na saa za usingizi za baharia aliyetoka Manila au Mombasa. Anayeichagua meli bila kutazama itakuwa wapi tarehe 24, 25 na 26 huwa ameliacha jambo lenye uzito kuliko mengine yote.

Bei ndiyo inayowashtua watu kwanza. Wiki mbili za mwanzo za Desemba ni miongoni mwa nyakati ambazo safari za Karibi huwa nafuu zaidi katika mwaka, kwa sababu watoto bado wako shuleni na watu wazima wanaweka akiba kwa ajili ya sikukuu. Siku chache baadaye shule za Marekani na Kanada hufungwa, na kebini ile ile, katika meli ile ile, kwa njia ile ile, huuzwa kwa bei iliyopaa sana. Nauli inayotangazwa huhesabiwa kwa kila mtu kwa dhana kwamba kebini ina watu wawili, na hivyo anayesafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu nauli ya watu wawili. Juu ya nauli huongezwa kodi na ada za bandari, vinywaji, intaneti, na bakshishi ya wahudumu, ambayo katika meli nyingi zinazoondokea Florida hukatwa moja kwa moja na huwa takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu wanne inayosahau bakshishi hiyo katika bajeti yake hukuta, mwishoni mwa wiki, deni la mamia ya dola ambalo halikuonekana katika tangazo.

Kuna jambo jingine linalofungamana na bei hiyo, nalo ni msongamano. Katika wiki ya kawaida kebini nyingi huwa na watu wawili, lakini wiki ya Krismasi wazazi huwalaza watoto katika vitanda vya tatu na vya nne. Icon of the Seas, meli iliyoanza safari zake Miami mnamo Januari 2024, huhesabiwa kuwa na nafasi ya abiria 5,610 ikiwa kila kebini ina watu wawili, na inaweza kufikia 7,600 vitanda vyote vikijaa, pamoja na wafanyakazi wapatao 2,350. Tofauti ya watu karibu 2,000 ndani ya chombo kile kile huonekana kwenye foleni za chakula, kwenye lifti na kwenye bwawa. Kwa hiyo anayelipa zaidi wakati wa Krismasi hupata nafasi ndogo zaidi kuliko aliyelipa kidogo mwanzoni mwa mwezi, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajalipa.

Hali ya hewa nayo imechangia kuifanya Desemba kuwa msimu. Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kwa sababu hiyo safari ya Krismasi huwa nje ya kipindi ambacho mwaka 2019, kwa mfano, kimbunga Dorian kiliviharibu vibaya visiwa vya Abaco na Grand Bahama nchini Bahamas. Hata hivyo, kutokuwapo kwa vimbunga si sawa na kutokuwapo kwa upepo. Kuanzia Desemba, mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Atlantiki ya Kaskazini huzidi nguvu, na pepo za kaskazini-mashariki zinazovuma mwaka mzima katika visiwa vya mashariki mwa Karibi huongezeka kasi kwa siku kadhaa mfululizo. Wenyeji huziita pepo za Krismasi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atazielewa haraka akikumbuka kaskazi, ambayo huvuma kutoka upande huo huo katika miezi hiyo hiyo, ingawa chanzo chake ni tofauti. Meli kubwa haitishiki na upepo wa namna hiyo. Kinachotatizika ni kuteremka. Bandari nyingine hazina gati la kutosha meli kubwa, kama ilivyo Grand Cayman, ambako abiria hupelekwa pwani kwa boti ndogo. Mawimbi yakizidi, nahodha huifuta bandari hiyo na kuendelea na safari.

Upande wa kaskazini, jambo la kuangaliwa ni baridi. Miami na Nassau, mji mkuu wa Bahamas, zote ziko karibu na nyuzi 25 za latitudo ya kaskazini, yaani juu ya Tropiki ya Kansa, kwa hiyo kwa hesabu ya jiografia hazimo katika tropiki hata kidogo. Hewa baridi inayoshuka kutoka bara la Amerika huzifikia mara kwa mara wakati wa majira ya baridi, na mtu aliyelipia siku ya kuogelea Bahamas tarehe 25 Desemba huweza kuipitisha akiwa amevaa sweta. Anayetaka joto la uhakika atafute njia inayoshuka kusini zaidi, kuelekea San Juan, Antigua, Saint Lucia, Barbados au Aruba, na akubali kwamba safari ya huko kutoka Florida huwa na siku nyingi zaidi za kuwa baharini tu.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Marekani ya vyombo vya abiria ya mwaka 1886 huzuia meli yenye bendera ya kigeni, yaani iliyosajiliwa katika nchi nyingine, kuchukua abiria katika bandari moja ya Marekani na kuwashusha katika bandari nyingine ya nchi hiyo kana kwamba ni usafiri wa ndani. Meli inayoondoka Miami na kurudi Miami inaruhusiwa, mradi ipitie angalau bandari moja ya nchi ya kigeni. Karibu meli zote kubwa za kitalii za Florida zina bendera za kigeni, hasa za Bahamas, Panama na Malta, na kwa hiyo katika ratiba ya kila mojawapo utaikuta Nassau, Cozumel ya Mexico, Philipsburg ya Sint Maarten au mahali pengine pa namna hiyo, hata kama abiria walichokitaka ni kukaa tu ndani ya meli na kula. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa safari hizi usemi huo umekuwa karibu kanuni ya kisheria.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha jinsi sheria hii ilivyo na nguvu. Katika visiwa vya Hawaii, ambavyo vimo katika tropiki hasa, ipo meli iitwayo Pride of America inayoondoka Honolulu na kuzunguka visiwa hivyo kwa siku saba bila kugusa nchi nyingine yoyote. Inaweza kufanya hivyo kwa kuwa imesajiliwa chini ya bendera ya Marekani, jambo lililohitaji ruhusa maalumu ya Bunge la nchi hiyo kwa kuwa ujenzi wake ulikamilishwa Ujerumani. Wafanyakazi wake wengi ni raia au wakazi wa kudumu wa Marekani, na sheria za kazi za Marekani zinawahusu. Ndiyo meli kubwa pekee ya aina yake inayosafiri kwa utaratibu huo. Nyingine zote zinazotaka kufika Hawaii kutoka pwani ya magharibi ya Marekani na kurudi hulazimika kutafuta bandari ya kigeni njiani, mara nyingi Ensenada ya Mexico.

Bendera ndiyo inayoamua pia sheria ipi itawale ndani ya meli ikiwa bahari kuu. Kampuni ya Carnival iliandikishwa Panama mwaka 1974 na Royal Caribbean iliandikishwa Liberia mwaka 1985, ingawa ofisi zao kuu ziko Miami, na mpangilio huo huzipunguzia kampuni hizo sehemu kubwa ya kodi ya mapato ambayo kampuni ya Kimarekani ya kawaida ingeilipa. Kwa abiria, athari iliyo karibu zaidi ni ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo katika mkataba wa tiketi. Mkataba huo kwa kawaida huipa kampuni haki ya kubadilisha au kufuta bandari yoyote bila fidia isipokuwa kurudisha ada za bandari iliyofutwa, na hutaja mahakama ambamo malalamiko yatasikilizwa. Mwaka 1991, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyoihusu Carnival na abiria aliyeumia safarini, iliamua kwamba kifungu kinachomlazimisha abiria kushtaki Florida ni halali hata kama anaishi upande wa pili wa nchi. Kwa hiyo familia iliyochagua meli kwa sababu ya bandari moja ya tarehe 25 haina dai kubwa la kisheria pepo zikiizuia meli isifike huko.

Sharti la bandari ya kigeni ni sehemu ya maelezo ya kwa nini kampuni za meli zimejijengea fukwe zao wenyewe Bahamas. Norwegian Cruise Line ilinunua Great Stirrup Cay mwaka 1977 na ikawatangulia wengine. Disney ilifungua Castaway Cay mwaka 1998. Royal Caribbean ilikifungua upya kisiwa cha CocoCay mwaka 2019 kikiwa na gati na mabwawa, na mwaka huo huo MSC ikafungua Ocean Cay. Kisiwa cha namna hiyo hutimiza masharti ya sheria ya 1886 kwa kuwa kiko ndani ya Bahamas, kiko mwendo wa usiku mmoja tu kutoka Florida na hivyo huokoa mafuta, na karibu kila dola inayotumika hapo hubaki ndani ya kampuni. Siku ya Krismasi kina faida nyingine, kwamba hakifungwi. Serikali ya Bahamas imeliona jambo hili, na tangu mwaka 2024 abiria anayeteremka kwenye visiwa binafsi pekee hutozwa kodi ya juu kuliko yule anayefika Nassau au Freeport. Sioni ubaya kwa mzazi mwenye watoto wadogo kupenda ufuo tulivu usio na msongamano wa mji. Ninachokiona ni kwamba abiria aliyekaa siku nzima CocoCay hajaiona Krismasi ya Bahamas, na mara nyingi hajui kwamba amepitwa na kitu.

Alichopitwa nacho ni Junkanoo, maandamano ya ngoma na mavazi ya fahari. Katika Bahamas, kilele cha sikukuu hii huja baada ya Krismasi yenyewe, saa za usiku wa manane kuamkia tarehe 26 Desemba, na hurudiwa kuamkia Mwaka Mpya. Vikundi vikubwa, miongoni mwavyo Saxons, Valley Boys, Roots na One Family, huingia Bay Street ya Nassau kwa zamu vikiwa na ngoma za ngozi ya mbuzi, njuga kubwa za ng'ombe zinazogonganishwa mikononi, filimbi na tarumbeta, huku wachezaji wakiwa wamebeba mavazi makubwa yaliyoundwa kwa makaratasi magumu na kufunikwa vipande vya karatasi laini za rangi, kazi iliyochukua miezi mingi na kufanywa kwa siri ili kikundi pinzani kisijue. Asili yake ni Waafrika waliokuwa watumwa visiwani humo, ambao walipewa siku chache za mapumziko wakati wa Krismasi na wakazitumia kucheza na kupiga ngoma walizotoka nazo kwao. Mwaka 2023, UNESCO iliiweka Junkanoo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sasa tazama ratiba ya kawaida: meli hufika Nassau saa moja au saa mbili asubuhi na kuondoka jioni. Iliyoondoka jioni ya tarehe 25 imeyaacha maandamano yakiwa bado hayajaanza, na inayofika asubuhi ya tarehe 26 hukuta watu wakirudi majumbani kulala. Anayetaka kuiona Junkanoo kwa kweli atafute meli inayolala Nassau usiku huo, ambazo ni chache, au afike Bahamas kwa ndege na apande meli baadaye.

Mambo kama hayo yapo katika visiwa vingine pia, na kila kimoja kina saa zake. Puerto Rico huendeleza Krismasi hadi Siku ya Wafalme Watatu, tarehe 6 Januari, na baada ya hapo bado huongeza siku. Kabla ya Krismasi kuna misa za alfajiri za siku tisa. Usiku kuna parranda, ambapo marafiki hukusanyika na magitaa, manyanga na güiro (ala ya kibuyu inayokwaruzwa), kisha huenda kumwamsha mtu kwa nyimbo nyumbani kwake, na yeye huwalisha na kuungana nao kwenda kumwamsha mwingine. Mezani huwa na nguruwe wa kuchoma mzima, na pasteles, yaani unga wa ndizi mbichi uliopondwa pamoja na nyama na kufungwa katika jani la mgomba, na kinywaji cha coquito kinachotengenezwa kwa nazi na ramu. Bahati nzuri meli nyingi hufika San Juan mchana na kuondoka usiku, kwa hiyo hii ni mojawapo ya bandari ambazo abiria anaweza kuuona mji ukiwa katika sikukuu yake. Saint Kitts hufanya kanivali yake katika kipindi hiki, na alfajiri ya tarehe 26 watu hujaa barabarani Basseterre. Bridgetown, Barbados, ina utaratibu wa utulivu zaidi: baada ya ibada ya alfajiri katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, watu waliovaa nguo zao bora kabisa huelekea Queen's Park kusikiliza bendi ya polisi na kusalimiana. Jamaica na visiwa vingi vya jirani hunywa sorrel, kinywaji chekundu cha Krismasi kinachopikwa na tangawizi kutokana na ua la rozela, mmea ule ule ambao watu wa Dodoma na kwingineko Tanzania huutengenezea juisi.

Upande wa pili, tarehe 25 yenyewe huwa siku ngumu kwa mgeni wa bandari. Maduka mengi hufungwa, madereva wa teksi ni wachache, na majumba ya makumbusho hayafunguliwi, kwa sababu wenyeji wako makanisani na majumbani kwao kama ilivyo haki yao. Ndiyo sababu mojawapo ya meli nyingi kuipanga Krismasi iwe siku ya kuwa baharini. Sababu nyingine ni ya kibiashara: maduka yasiyotozwa ushuru na kasino ndani ya meli kwa kawaida hufungwa chombo kikiwa bandarini na kufunguliwa kikitoka nje ya maji ya nchi, na siku nzima ya bahari yenye abiria waliojaa ni siku ya mapato mazuri. Kwa maoni yangu, mpango huu humfaa pia msafiri anayeithamini Krismasi kama siku ya ibada na ya familia, kwa kuwa hakuna anayekimbilia basi la matembezi.

Krismasi ya ndani ya meli ina mipaka yake, na mingi hutokana na hofu moja ya kale ya mabaharia, nayo ni moto. Mishumaa ya kuwaka hairuhusiwi katika kebini. Ibada ya mkesha hutumia mishumaa ya betri, na miti yote ni ya bandia. Kampuni nyingi hukataza pia taa za mapambo za kuchomeka kwenye umeme, kwa hiyo anayetaka kuupamba mlango wa kebini yake atumie karatasi na sumaku, kwa kuwa kuta ni za chuma. Zawadi zibebwe bila kufungwa na zifungwe baada ya kupanda, kwa sababu mizigo hupita kwenye mashine za ukaguzi na maofisa wanaweza kuifungua. Kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, kila abiria lazima ashiriki zoezi la usalama na kuonyeshwa mahali pa kukutania wakati wa dharura. Kanuni hiyo ilikazwa baada ya ajali ya Costa Concordia ya tarehe 13 Januari 2012, iliyoua watu 32 nchini Italia wakati baadhi ya abiria walikuwa bado hawajafanya zoezi lao. Hata mtu aliyekwisha kusafiri mara nyingi halipuuzi zoezi hilo akiwa na watoto.

Afya ni suala jingine ambalo wiki ya msongamano hulizidisha uzito. Virusi vya noro, vinavyosababisha kutapika na kuharisha, hupendelea miezi ya baridi na mahali penye watu wengi wanaogusa vijiko na reli zile zile. Meli zinazopitia Marekani hukaguliwa usafi na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha nchi hiyo kwa kushtukiza; alama ni kati ya 0 na 100, na meli inayopata 85 au chini huhesabiwa kuwa imeshindwa. Matokeo hayo yako wazi kwa yeyote kuyasoma, na ni busara kuyatazama kabla ya kulipa. Dawa za kupaka mikononi zenye kileo hazifui dafu mbele ya virusi hivi; maji na sabuni hufaa zaidi.

Msafiri mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo ana hesabu moja ya ziada. Akipanda Miami, ataondoka Marekani meli ikiingia Bahamas, na siku ya kurudi atakuwa anaingia Marekani upya. Viza ya kuingia mara moja haimtoshi. Wapo wanaopanda katika visiwa vya Ufaransa vya Martinique au Guadeloupe, ambako baadhi ya kampuni za Ulaya huanzia safari zao wakati wa baridi, lakini viza ya Schengen peke yake haivihusu visiwa hivyo mpaka iwe imeandikwa kwamba inatumika katika maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo. Masharti ya kila kisiwa kilichomo katika ratiba hukaguliwa kimoja kimoja, kwa kuwa kampuni inaweza kumzuia asipande abiria anayekosa hati ya bandari moja tu.

Nimeliweka mwisho jambo ninaloliona kuwa kiini cha yote, yaani watu wanaoifanya sikukuu hiyo iwepo. Wafanyakazi wengi wa meli hizi hutoka Ufilipino, Indonesia na India, na katika miaka ya karibuni vijana wa Kenya pia wameajiriwa katika meli za MSC. Mkataba wa mpishi, mhudumu wa meza au msafisha kebini kwa kawaida huwa wa miezi sita hadi tisa, na katika muda huo anafanya kazi siku saba kwa wiki. Kinga yake kuu ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013 na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba huo unaipa nchi ya bendera nafasi ya kuchagua kati ya njia mbili za kuhesabu: kuweka kikomo cha kazi cha saa 14 katika siku na 72 katika wiki, au kuhakikisha mapumziko ya saa 10 katika siku na 77 katika wiki. Mapumziko ya siku yanaweza kugawanywa katika vipande viwili tu, na kimojawapo lazima kiwe cha saa sita au zaidi. Ukizitazama tarakimu hizo kwa makini utaona kwamba njia ya pili inaacha nafasi ya kazi ya saa 91 kwa wiki bila sheria kuvunjwa. Wiki ya Krismasi, meli ikiwa na vitanda vyote vimejaa, ndiyo wiki ambayo nafasi hiyo huelekea kutumika.

Sherehe ya wafanyakazi huja baada ya abiria kulala. Huwa chini, karibu na usawa wa maji, katika bwalo lao, na mara nyingi huanza usiku sana kwa kuwa chakula cha jioni cha abiria humalizika saa nne au saa tano. Wafilipino, ambao kwao misa za alfajiri za siku tisa huanza tarehe 16 Desemba, hujipangia ibada zao kila inapowezekana kumpata padri. Saa hizo zina maana pia kwa mawasiliano ya nyumbani: meli ikiwa San Juan saa tano usiku tarehe 24, Mombasa ni saa kumi na mbili asubuhi ya Krismasi, na Manila tayari ni saa tano asubuhi. Intaneti ya satelaiti za chini, iliyoanza kuenea katika meli hizi tangu mwaka 2022, imemwezesha baharia kuiona familia yake kwa video siku hiyo, jambo ambalo miaka michache kabla lilitegemea kukimbilia simu bandarini. Bandarini kwenyewe zipo taasisi za kanisa zinazowahudumia, kama Mission to Seafarers, iliyoanzishwa mwaka 1856 na yenye nyumba za mabaharia hata Mombasa na Dar es Salaam, na Stella Maris ya Wakatoliki, iliyoanzia Glasgow mwaka 1920. Watumishi wao hupanda melini wakati wa Krismasi na vifurushi vyenye soksi, sabuni, kofia na kadi.

Abiria anayetaka kuwatendea haki watu hawa ana njia zilizo wazi. Asiombe kuondolewa bakshishi inayokatwa moja kwa moja, kwa kuwa katika meli nyingi ndiyo sehemu kubwa ya kipato chao, na fedha taslimu atakazotoa kwa mkono ziwe za ziada. Mwisho wa safari kampuni hutuma fomu ya maoni, na majina ya wahudumu yaliyotajwa kwa sifa humo husaidia kupandishwa cheo na kupewa mkataba mwingine, kwa hiyo majina hayo yaandikwe kwa usahihi kutoka kwenye beji tangu siku ya kwanza. Na zamu ya kuondoka ikitangazwa, atoke kwa wakati. Meli iliyofunga gati Miami alfajiri ya tarehe 27 itaanza kupokea abiria wa Mwaka Mpya kabla ya adhuhuri na kung'oa nanga saa kumi au saa kumi na moja jioni, na katika saa zile chache msafisha kebini mmoja hubadilisha mashuka ya kebini zake zote, akianza na zile zilizoachwa wazi mapema.